Mvua za Mwaka Uliopita

Mpaka leo sijaweza kuipenda saa tatu asubuhi. Ikifika, popote nilipo, mwili wangu unataka kuinuka uende uani, na inabidi nijikumbushe kwamba uani hakuna kitu kinachonisubiri. Miguu yenyewe siku hizi inauma, kwa hiyo naiambia ikae, na yenyewe inakubali upesi kuliko zamani.

Miaka sita mfululizo, saa tatu asubuhi nilikuwa napima mvua. Kwa haki haikuwa kazi yangu. Ilikuwa ya mume wangu, bwana shamba wa kijiji kimoja kilicho mbele kidogo ya Mahurunga, pale mto Ruvuma unapoanza kujitanua kwenda baharini. Lakini yeye alikuwa anapanda baiskeli kabla jua halijachomoza, anakwenda kuwafundisha watu kupalilia mikorosho, watu waliokuwa wakiipalilia tangu yeye hajavaa suruali ndefu. Mimi nilibaki na watoto wetu wawili, na kuku, na kipima mvua cha serikali.

Kilikuwa mtungi wa shaba uliozikwa nusu ardhini katikati ya uwanja wetu, umezungushiwa uzio wa fito ili mbuzi wasiuguse. Juu una mdomo kama wa faneli, ndani kuna chupa. Unafungua mlango wa uzio, unatoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma, unaandika kwenye fomu. Siku isiyo na mvua unaandika sifuri. Ila hata hiyo sifuri, mume wangu alinisisitizia siku ya kwanza, lazima uifungulie chupa uione kwa macho yako. Kule chini, mvua hukatika mwezi wa tano na hairudi mpaka Novemba inaelekea kwisha, au Desemba. Basi hesabu mwenyewe ni asubuhi ngapi nimeinamia chupa kavu, mgongo ukiwa unawaka jua, kuhakikisha kwamba hakuna kitu.

Sisi tulitoka Njombe. Mtu aliyezaliwa Njombe akipelekwa Mtwara, jambo la kwanza analopoteza ni majira yake. Kwetu mwezi wa sita ni mwezi wa ukungu, wa kukaa jikoni miguu iko karibu na moto, na asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Kule mwezi wa sita ndio waliouita kipupwe. Jirani yangu alikuwa anatoka nje amejifunga kanga mbili na moja kichwani, anatetemeka, ananiuliza, "Mama Shamba, baridi hii hamjaileta ninyi kweli?" Na mimi jasho linanitiririka mgongoni. Nilikuwa namwambia kwamba kwetu hii ingeitwa joto la kuchumia mahindi, naye anacheka mpaka anashika ukuta.

Huyu jirani ndiye hasa ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa mama wa Kimakonde aliyenizidi miaka kama kumi, mjane, mtu wa swala tano, mwenye watoto watatu na mama mkwe asiyeona. Nyumba yake ilitazamana na uwanja wetu. Kila nilipoinama kusoma bilauri, yeye alikuwa kibarazani kwake akimenya mihogo na kunitazama. Riziki yao yote ilitoka kwenye majaruba mawili ya mpunga kule bondeni, karibu na mto, na mikorosho michache nyuma ya nyumba. Mpunga ukikaribia kuiva, yeye na watoto walihamia bondeni kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia kinachosimama juu ya miti, wakawa wanafukuza ndege mchana na viboko usiku. Mimi nilimwita Dada. Yeye aliniita Mama Shamba, kwa kuwa mume wangu ni bwana shamba, na kijiji kizima kikafuata.

Naye alikuwa na kipimo chake. Mvua ikishanyesha alichimba kishimo chembamba kwa kijembe, akaingiza mkono. Udongo ukiwa umelowa mpaka mwisho wa vidole tu, alisema mvua imepita kusalimia. Ukilowa mpaka kwenye kifundo cha mkono, unaweza kupanda kunde. Ukilowa mpaka kwenye kiwiko, hapo ndipo mbegu ya mpunga inashuka bondeni. "Nkono haujaingia," alikuwa akiniambia kutoka ng'ambo ya uwanja, na mimi namjibu kwa namba iliyo kwenye bilauri. Tukalinganisha hivyo miaka mingi. Niliona kwamba mkono wake hauna kasoro, nikamwambia. Yeye akakataa.

"Nkono wangu mie una njaa," alisema. "Unaweza kujidanganya. Chupa haina njaa."

Nilicheka wakati ule.

Kitu kingine nilichojifunza kwake ni kusikiliza. Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya mto, na mara kwa mara tulisikia ngurumo upande wa kusini. Mimi nilikuwa natoka nje mbio kuanua nguo. Yeye haondoki alipokaa. "Hiyo si mvua," anasema, na anaendelea kumenya mihogo, taratibu zaidi. Siku mbili tatu baadaye tunaona watu wanapita njiani na mikeka kichwani na watoto migongoni, wamevuka. Sikuwahi kuzoea. Novemba, joto likiwa limekaa juu yetu kama sufuria iliyofunikwa, nilikuwa natamani ngurumo na kuiogopa kwa wakati mmoja, na kazi hiyo ya kutamani na kuogopa ilinichosha kuliko kuchota maji.

Nasema nilichoka, na nataka nieleweke. Sikuwa mgonjwa, wala sikuteswa na mtu. Watu wa kijiji kile walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Nilichoka tu, kama nguo inavyochoka. Mwaka wa kwanza unahesabu siku. Mwaka wa tatu unahesabu fomu, moja kila mwezi. Mwaka wa tano huhesabu tena kitu, unaamka tu. Mume wangu alikuwa ameshaandika maombi ya uhamisho mara mbili, na mara mbili tuliambiwa tusubiri.

Halafu mwaka wa sita, Januari, ikaja barua ya mdogo wangu. Mama anaumwa. Amevimba miguu, hawezi kwenda shamba, analala akiwa ameketi. Anauliza lini nitakuja. Mimi ni binti yake wa kwanza, na sikuwa nimemwona tangu tulipohamia kule. Kwenda Njombe kutoka kule kwa safari ya likizo, na watoto, na barabara za masika, mume wangu aliona haiwezekani. Alisema afadhali tusukume uhamisho, tukirudi turudi moja kwa moja. Na kwa kuwa yeye hawezi kuacha kazi, nikaanza kwenda mimi Mtwara kukaa kwenye benchi la ofisi na kuuliza.

Nilikwenda mara tatu kati ya mwisho wa Januari na Machi. Kila safari ilikuwa siku nne, tano, kwa sababu ya kusubiri lori la kwenda na lori la kurudi. Watoto niliwaacha kwa Dada. Hakuniuliza chochote, alisema tu, "Nenda kamwone mama yako," kana kwamba Njombe iko pale pale mjini Mtwara, Chikongola, nyuma ya soko.

Sasa, fomu ya mvua ilikuwa haitaki pengo. Pengo maana yake mtu hakuwepo, na bwana shamba ambaye hayupo hapati uhamisho. Kabla sijapanda lori mara ya kwanza, nilichukua daftari la mwaka uliopita, tulimohifadhi nakala za fomu, nikafungua mwezi wa pili, nikanakili. Sikunakili neno kwa neno, sikuwa mjinga. Nilisogeza mvua ya Jumatatu ikawa Jumatano, nikapunguza hapa, nikaongeza pale. Nikajaza mwezi mzima ndani ya dakika ishirini, kwenye meza ya jikoni, uji ukichemka. Nilijiambia kwamba Februari ni Februari, ya mwaka jana na ya mwaka huu ni ndugu. Mwezi ulipokwisha, mimi nikiwa tena Mtwara, mume wangu alitia sahihi bila kusoma. Aliniamini, au naye alikuwa amechoka, sijui. Fomu ikaondoka.

Mwaka uliopita ulikuwa na mvua nzuri sana.

Februari ile haikunyesha. Nilirudi kutoka Mtwara nikakuta mahindi ya watu yamejikunja majani. Nikarudi tena Mtwara, nikarejea nikakuta yamekauka. Kiangazi kidogo cha Februari kila mtu alikizoea, huja siku kumi kikaondoka, lakini hiki kilikaa. Nilijua nimeandika mvua ambayo haikuwepo. Lakini fomu ilikuwa imeshakwenda, na Machi ilipokuja nikaogopa kwamba nikiandika sifuri ghafla baada ya Februari iliyojaa maji, karani fulani atainua kichwa na kuuliza. Kwa hiyo Machi nayo nikaipa mvua. Niliipunguza polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka kwenye mazungumzo bila kuaga. Asubuhi sikuwa hata naufungua uzio. Ningefungulia nini, na namba nilikuwa nazo jikoni?

Bondeni mpunga ulitoa masuke matupu. Dada hakuhamia kwenye dungu mwaka ule, kwani hapakuwa na cha kulinda. Alivuna kilichojaa ungo mmoja, akakianika, akakitia kwenye kibuyu na kukiziba kwa majivu. Ile ilikuwa mbegu, hailiwi. Mei ikapita, Juni ikapita na baridi yake ya uongo, na moshi wa jikoni kwake ukawa unatoka mara moja kwa siku.

Kijiji kilikuwa kimeomba mahindi ya msaada. Vijiji vingine upande wa bara vilikuwa vimeanza kupata, mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli. Sisi tulisubiri. Mwezi wa saba ikaja Landrova na bwana mmoja wa kutoka mjini, na watu wakaitwa mbele ya ghala la korosho. Nilikwenda na mume wangu, tukasimama pembeni kama watumishi wanavyosimama. Yule bwana alikuwa na faili. Hakuwa mtu mbaya, alionekana hajalala vizuri. Alifungua faili akasoma, kisha akalifunga.

"Mvua mlipata," alisema. "Imeandikwa hapa, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Mlipata kuliko hata wenzenu wa mjini. Sasa njaa hii mmeitoa wapi? Wakati wa kupalilia mlikuwa wapi? Kwenye ngoma?"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema mvua haikuja, akaambiwa akae. Ndipo Dada akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwenye mkutano, alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kusikiliza. Akatengeneza kanga yake begani.

"Bwana mkubwa, mvua haikuja. Na wewe usitusadiki sisi, tuna njaa, tunaweza kusema lolote. Muulize huyu Mama Shamba. Yeye ndiye anayeinamia chupa kila siku. Si ntu wa hapa, hana jaruba la kulilia. Yeye haongopi."

Watu wote wakanigeukia. Bwana wa mjini akaniuliza kwa upole, "Mama, hizi namba ni za kwako?"

Nikasema, "Ndiyo."

Basi. Hicho ndicho nilichosema. Aliuliza kama ni za kwangu nami nikasema ni za kwangu. Mume wangu alikohoa. Yule bwana akamtazama Dada, akainua faili kidogo kumwonyesha, akasema kazi ya mkulima ni jembe, na akaingia kwenye gari lake. Mimi nilikuwa namtazama Dada. Hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kisha akauficha ndani ya kanga.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kila kitu. Akaniambia kwamba juma lile lile alikuwa amepata habari kutoka ofisini: jina lake limo kwenye orodha ya uhamisho, barua inasubiri sahihi tu. Kabla mvua hazijaanza tutakuwa Njombe. "Mama yako anakungoja," alisema.  

Nikanyamaza. Nilinyamaza mwezi mzima na zaidi, na sitasema kwamba sikulala, kwa sababu nililala. Mtu aliyechoka hulala hata kama ana hatia. Niliamka, nikapika, nikafungua chupa kavu saa tatu, nikaandika sifuri ya kweli, na mikorosho ikaanza kutoa maua yake madogo yenye harufu tamu, ile harufu ya mwezi wa nane ambayo mpaka leo ikinijia najisikia vibaya. Nilipanga vyombo vya kufungasha. Nilifikiria nitamkuta mama ameketi wapi.

Wanawake wa kijiji walikuwa wanaondoka asubuhi na majembe kwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu vyembamba ambavyo watu wa kule hula kwa starehe mwaka wa shibe na kwa lazima mwaka wa njaa. Wanachimba siku nzima kupata sufuria moja. Siku moja mchana Dada aliingia jikoni kwangu na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, bado ina moshi. Watoto wake walikuwa hawajala, nilijua, maana niliwaona wakimfuata kwa macho kutoka kibarazani. Akasema, "Nimewaletea watoto waonje. Ninyi watu wa baridi hamjui kuchimba."

Nikamwambia pale pale, nimeshika bakuli. Nilisema yote bila kupanga: safari, daftari la mwaka uliopita, Februari, Machi, na ile "ndiyo" niliyoitoa mbele ya ghala. Nikasema nilitaka kumwona mama yangu. Nililia, na nilichukia kwamba ninalia mimi badala ya yeye.

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Kwa muda alitazama mlangoni, kule uwanjani, kwenye uzio wa fito.

"Niliona utando wa buibui kwenye mlango wa uzio," alisema. "Kila asubuhi naona haukatiki. Nikajiambia, labda siku hizi wanapimia Mtwara. Serikali ina vitu vingi." Akautazama mkono wake. "Kisha nikasema basi nkono wangu ndio umezeeka."

"Mkono wako ulikuwa sahihi, Dada."

"Mie nilisimama mbele ya watu, Mama Shamba."

Akainuka. Akamimina ming'oko kwenye sahani yangu, yote, akachukua bakuli lake na kutoka.

Keshokutwa yake nilipata lori. Sikumwomba mume wangu ruhusa, nilimwarifu, na yeye akatazama chini akaniambia nichukue mwavuli, jua kali. Watoto aliwapeleka yeye kwa mwalimu wa kijiji, sikuthubutu kuwapeleka kwa Dada. Ofisini nilikaa kwenye benchi lile lile. Yule bwana wa Landrova alipofungua mlango alidhani nimefuata uhamisho, akaanza kutabasamu. Nikamwekea mezani madaftari mawili, la mwaka uliopita na la mwaka ule, yamefunguliwa mwezi wa pili. Alisoma moja, akasoma la pili, akarudi la kwanza, kidole kikifuata mistari. Kisha akavua miwani.

"Unajua mumeo alikuwa kwenye orodha?" aliniuliza.

"Najua."

Alitikisa kichwa. Hakunifokea, na nilikuwa nimejiandaa kufokewa, kwa hiyo nikabaki nimesimama na maneno yangu ya kujitetea hayana pa kwenda. Aliita karani, akachukua kalamu ya wino mwekundu, akachora mstari juu ya Februari yangu na mstari juu ya Machi yangu. Nilipotoka nilipita sokoni Chikongola nikanunua mche wa sabuni, kwa sababu nyumbani sabuni ilikuwa imekwisha.

Mume wangu alipewa onyo la maandishi na jina lake likatolewa kwenye orodha. Hakunipiga, hakunitukana. Aliacha tu kuniambia mambo ya kazi, na asubuhi ambazo hakuwa na safari alipima mvua mwenyewe, mimi nikiwa jikoni nasikia mlango wa uzio unavyolia. Mahindi ya njano yalifika mwezi wa kumi. Lori lilisimama mbele ya ghala, watu wakapanga foleni na magunia, na mimi sikwenda. Mama mkwe wa Dada alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Alikuwa mzee sana, na watu walisema umri wake umefika. Hakuna aliyesema vingine mbele yangu. Nilikwenda kwenye msiba nikakaa mwisho wa mkeka, Dada akanipa mkono kama alivyowapa wengine, akapita.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, nyumba mbili zinazotazamana. Alinisalimia nikimsalimia. Hakuvuka uwanja. Miezi yote ya mikorosho, Oktoba, Novemba, nilimwona akiokota korosho chini ya miti yake na watoto, wameinama, na mabibo yamerundikwa pembeni yananuka utamu. Mwaka mwingine wowote angeniletea. Nilitamani aje anitukane. Nilikuwa na hasira naye pia, nikubali tu, hasira ya mtu aliyelipa na bado hajasamehewa, maana barua za mdogo wangu zilizidi kuwa fupi.

Mvua ya kwanza ya maana ilikuja Desemba. Ilianza alfajiri, ikapiga mabati mpaka watoto wakaamka wanacheka, ikakatika jua lilipotoka. Mume wangu alikuwa vijijini tangu juzi yake. Nilikuwa nafagia maji mlangoni dereva wa lori alipoleta karatasi ya simu ya maandishi kutoka posta ya Mtwara. Ilikuwa na maneno machache. Mama amefariki. Tumemzika Jumapili. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Sikumbuki nilipiga kelele ya namna gani. Nakumbuka nilikuwa nimeketi chini kwenye sakafu yenye maji, na mtu wa kwanza kuingia alikuwa Dada. Alikuwa na tope mpaka magotini. Hakusalimia wala hakupiga hodi. Alikaa pale pale kwenye maji, akanivuta kichwa akakiweka kifuani kwake, akawa ananitikisa taratibu na kusema kwa lugha yake maneno ambayo sikuyajua. Wanawake wengine wakaja, wakatandika mikeka, mmoja akaenda jikoni kwangu kuwasha moto. Mimi ni Mkristo na wao ni Waislamu, na kule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemjua mama yangu, lakini walilia. Nilimwambia Dada kwamba sikumwona. Nilirudia hivyo mara nyingi. Alikuwa anajibu, "Hukumwona. Ni kweli, hukumwona." Hakujaribu kunipa neno la kunifariji, na ndiyo maana niliweza kupumua.

Kisha nikamwona anatazama mlangoni. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Miaka sita ameniona nikitoka jua likifika pale. Akanilaza kwa mama mwingine, akainuka, akatoka nje. Nikasikia mlango wa uzio unalia.

Alirudi anatembea hatua ndogo ndogo, bilauri ameishika kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, na mdomo wa chupa ameuziba kwa dole gumba, hata tone lisimwagike. Akapiga magoti mbele yangu. Fomu na kalamu aliziagiza kwa binti yangu, akijua zilipo.

"Ndogo wangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Saa yako imefika. Soma."

"Leo siwezi, Dada. Waache, leo waandike wanavyotaka."

"Soma. Usipoandika leo, watasema haikunyesha."

Akamimina maji kwenye bilauri.  Nikatazama, lakini macho yalikuwa yamejaa na mistari yote ilikuwa inacheza. Nikamwambia siioni. Hakunihimiza. Aliinua mkono wake wa kulia akanionyesha, na tope lilikuwa limefika kwenye kiwiko.

Nikafuta macho kwa upindo wa kanga yake. Nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma, nikaandika. Yeye hajui kusoma, lakini aliishika ile fomu kwa mikono miwili kwenye mwanga wa mlango, na hakuirudisha mpaka alipoona wino umekauka.